Kata ya Wanzuki Kule Puge

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu. Nakueleza leo kwa sababu nasikia wewe na mchumba wako hamtulii: leo mgahawa huu, kesho ule, mnaonja kahawa ya huku na divai ya Dodoma. Sikukatazi. Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo. Zamani za Mwingereza babu yako Petro alikuwa fundi cherehani mjini Tabora, na kila alipopata nafasi alinipeleka kuonja kitu: kahawa chungu ya tangawizi kwa Mwarabu mmoja jirani na soko, vitumbua kwa mama mmoja wa Kimanyema. Raha ya kidogo, lakini ilikuwa raha.

Tulipooana akanipeleka kwao Puge, nikawaamkie wakwe. Lori lilifuata njia ile ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu. Huko Puge palikuwa na kilabu cha Bibi Nyanzala, mjane aliyetengeneza wanzuki, pombe ya asali. Watu walisema tangu Tabora mpaka Nzega hakuna mkono kama wake, na bei yake hata maskini aliimudu. Baba mkwe alitupeleka mwenyewe, amefurahi, akiniita binti yake kwa kila tuliyekutana naye njiani.

Tukaketi kwenye mabenchi, chini ya banda la nyasi. Desturi ya nyumba ile, mke wa mwana ndiye humpa mkwe kata ya kwanza, kile kibuyu cha kunywea, na huionja kabla ya kumpa, ijulikane kwamba hana neno moyoni. Mama mkwe alikuwa amenieleza asubuhi. Lakini mimi nimelelewa Ntalikwa, katika nyumba ya Wakristo Wamoravia, na kwetu pombe haikuguswa. Kuonja niliona dhambi, kukataa niliona haya. Basi Bibi Nyanzala aliponipa kata imejaa, nikaiweka juu ya benchi, nikajifanya nafunga kanga yangu vizuri, kisha nikapiga magoti nikampa baba mkwe. Hata ndani sikutazama.

Akanywa. Mara kata ikamponyoka. Alishika mdomo, macho yakamtoka, akajaribu kusema, ikatoka sauti ya mtu anayekabwa. Ulimi wake ulikuwa unavimba tunaona.

Wifi yangu Tereza, aliyekuwa ameketi nasi, alisimama. Hakupaza sauti.

"Hakuonja," alisema. "Nilikuwa namtazama. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hakuonja."

Mwanangu, usiombe kuona watu uliokuwa ukicheka nao wakikugeuka kwa pamoja. Mwanamume mmoja akaokota fimbo yake. Wengine wakaja kusimama nyuma yangu, nisipate pa kupita. Wengine wakamgeukia Bibi Nyanzala wakimwuliza amempa mzee nini, na tayari nilisikia chungu kimoja kikivunjwa. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa anaitazama kata pale chini. Kisha akanitazama mimi.

"Kwa nini hukuonja?" akaniuliza.

Fimbo za wale watu niliziogopa, lakini swali lile liliingia ndani zaidi.

Bibi Nyanzala akawapenya wale wanaume kama hawaoni. "Mgonjwa yuko hapa," alisema, "nanyi mnatazama wapi?" Akamgeuza baba mkwe uso kwenye jua, akamfungua kinywa kwa vidole. "Tulia, kaka yangu." Akakwangua ulimi kwa ukucha, kisha akanyoosha kiganja. "Mwiba wa nyuki. Mtafuteni mwenyewe kwenye pombe iliyomwagika."

Wakamkuta nyuki kweli, kalowa, bado anatikisa miguu. Aliingia ndani ya kata nilipokuwa nikihangaika na kanga.

Fimbo zikashuka, lakini hofu haikutoka. Baba mkwe alikuwa akipumua kwa kukoroma, na nilijua kwamba akifa, hakuna atakayemkumbuka nyuki. Nilimwegemeza kichwa kifuani pangu, Bibi Nyanzala akimkanda shingo na taya kwa kitambaa chenye maji ya mtungini. Hakuna aliyeondoka. Jua lilikuwa limeinama ndipo pumzi ikaanza kupita vizuri.

Maneno yake ya kwanza yalitoka mazito, akimwambia Petro. "Mkeo umemtilia shaka mbele za watu. Mwombe radhi mbele za watu hawa hawa."

Petro akapiga magoti kwenye vumbi, akaniomba radhi. Nami baba mkwe akanishika mkono. "Binti yangu, ungeniambia tu, Baba, kwetu hatunywi. Ningecheka, nikaonja mwenyewe. Haya zako nusura zinizike."

Nilimsamehe Petro siku ile kwa mdomo. Kwa moyo nilichukua muda mrefu, hasira ni hasara, najua, lakini uchungu nao haufukuzwi kama kuku. Wifi yangu alinisindikiza nyumbani, na kesho yake akamsaidia Bibi Nyanzala kufinyanga chungu kingine.

Basi, mwanangu, zungukeni, onjeni. Lakini usilolitaka liseme wazi, kwa heshima, hata mbele ya mkwe. Wenye busara watakuelewa, na wasiokuelewa bora uwajue mapema. Na mtu akianguka, mshike kwanza aliyeanguka. Mkosaji, kama yupo, hatakimbia mbali. Wengi wamekufa wakati ndugu zao wanatafuta mchawi.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtu akikosea huulizwa kwa upole, na akijibu huaminiwa. Nenda na baraka zangu.