Ndinda na Mto Usiokauka

Ndinda wa Kalamba hajawahi kupanda ndege, lakini begi lake liko kwenye kiti cha sebuleni, limefungwa, tangu mwezi wa tano. Ukitaka kulisogeza ili uketi, atakuuliza kama kwenu hakuna viti.

Mimi ni jirani yake. Shamba langu na lake yametenganishwa na mstari wa mkonge, na sijaona mwanamke anayejua kunyamaza kama yeye. Mimi nikinyamaza watu hudhani nimeugua. Yeye akifungua mdomo, hata kuku huacha kudona. Kwa hivyo ile Jumapili aliposimama kanisani na kuuliza swali, niligeuka nikamwangalia kama mtu aliyeanza kuimba katikati ya mahubiri.

Pasta Mulinge alikuwa ametangaza safari. Miaka mingi kanisa letu limekuwa likisema litaenda kuona mahali pa Biblia, na kila mara vita vinatokea huko tunakaa chini. Sasa pasta alikuwa na mpango mwingine. Tutapitia nchi ya Yordani, alisema, upande wa mashariki wa mto. Tutapanda mlima ambao Musa alisimama akaiona nchi ya ahadi. Halafu tutashuka mtoni, mahali wanaposema Yesu alibatizwa. Yerusalemu tutaiacha mpaka bunduki zinyamaze.

Bwana Gichuru akainua mkono. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi kule Malili. Watu wake ni wa Nyeri, lakini alioa kwetu na anaabudu na sisi, na maneno yake hayakosi pilipili.

"Pasta, kwa hivyo tunalipa nauli tuangalie nchi ya ahadi kutoka ng'ambo, halafu turudi nyumbani?"

"Musa pia aliangalia kutoka ng'ambo, Bwana Gichuru."

"Ndiyo, lakini Musa hakulipa nauli."

Kanisa likacheka. Ndipo Ndinda aliposimama, amekaza leso kiunoni kama anayeenda kulima.

"Pasta, huo mto ni mpana kiasi gani?"

Pasta akatazama simu yake. "Hapo pa ubatizo ni mwembamba, mama. Ni kama kutoka hapa madhabahuni hadi mlangoni. Upande wa pili kuna watu wengine wanakuja kubatizwa, unawaona hata sura."

"Hao wa upande wa pili wanatoka nchi ile nyingine?"

"Nchi ile nyingine, ndiyo."

Ndinda akaketi. Wengine waliendelea kuuliza kuhusu chakula na kama kuna vyoo. Mimi nilijua ameuliza nini.

Binti yake wa pekee, Kanini, yuko nchi ile nyingine. Alienda kabla ya vita kumtunza mama mmoja mzee katika mji ulio karibu na bahari, kumwogesha, kumlisha, kumtembeza. Mkataba ulipokwisha alitaka kuja nyumbani, vita vikaanza. Akitoka, hakuna ahadi kwamba ataruhusiwa kurudi kazini, na yule mama mzee hana mtu mwingine wa kumshusha ngazi wakati king'ora kinalia. Kwa hivyo Kanini amebaki. Hupiga simu kila Jumamosi, na mama yake huona uso wake.

Jioni ile nilimfuata Ndinda jikoni. Alikuwa anachagua mawe kwenye mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi.

"Si unamwona Kanini kwa simu kila wiki?" nikamwambia. "Sasa unataka kwenda kumpungia mkono mtoni kama mtalii?"

"Simu inanionyesha uso, Ndunge. Na uso mtoto anaweza kuutengeneza. Anapangusa macho kwanza, ndipo anapiga." Akatupa jiwe nje. "Mimi nataka kumwona akitembea."

Kama hujalelewa huku kwetu huenda usielewe, basi nikueleze. Mto wetu ni mchanga. Maji hupita siku chache mvua ikinyesha, kisha yanajificha chini, na sisi tunayafuata kwa kuchimba. Wasichana hushuka na punda asubuhi, wanachimba, wanangoja maji yajae kwenye shimo, wanajaza mitungi, na jua likishakuwa kali utawaona wanarudi kwa mbali juu ya mchanga mweupe. Sura huioni. Nguo zote zimepauka rangi moja. Mama anasimama ukingoni na kusema, "Yule ni wangu," kwa sababu ya mwendo tu. Na kwa mwendo huohuo anajua kama mtoto ana homa, kama amepigana, kama amevunja mtungi. Kanini alitembea kama anayerukaruka kidogo, kisigino hakitaki kugusa chini. Hata na mzigo alitembea hivyo. Nilikuwa nikimwambia Ndinda, huyu wako siku moja ataruka aende.

Basi aliruka akaenda.

Walipanga wawili hao, mama na mtoto. Kanini angeomba siku moja ya ruhusa, apande basi hadi mtoni upande wake. Ndinda angekuwa upande huu na kundi la kanisa. Madhabahuni na mlangoni. Angemwona akija na akienda.

Shida ilikuwa ni mwezi wa kusafiri. Pasta alitaka mwezi wa pili, maana wakati ule kulikuwa kumetulia kidogo na nauli zilikuwa nafuu. Kila mtu akaitikia, mpaka Ndinda akasimama tena. Mara ya pili! Gichuru akaninong'oneza kwamba sasa tuite magazeti.

"Mwezi wa pili tunavuna," Ndinda alisema. "Nani ataacha mahindi shambani yaliwe na nyani? Twende mwezi wa sita."

Ilikuwa hoja nzuri, na wakulima wote wakaipigia makofi. Pasta akaandika mwezi wa sita. Lakini mimi namjua Ndinda. Mahindi yake mwaka ule yangetosha kujaza sufuria moja, na nyani wenyewe wangemhurumia. Tukiwa njiani nikambana.

"Sema ukweli. Mwezi wa sita kuna nini?"

Akatembea kwanza. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya serikali, "Mwezi wa sita mvua imekwisha. Mto utakuwa umekauka. Kutabaki mchanga, Ndunge. Nitavuka."

Nilisimama. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, lakini sikucheka. Kusema kweli sikuona kosa. Kwani mto gani haukauki mwezi wa sita? Mimi pia nimezaliwa hapa.

Ni pasta aliyetufungua macho, na tulikuwa tumeshachelewa. Ilikuwa mwezi wa tano. Alikuwa akitufundisha jinsi ya kuvaa na jinsi ya kujibu maswali ya askari wa uwanja wa ndege, na Ndinda akauliza kama viatu vya kutembea mchangani vitafaa mtoni.

"Mchanga gani, Mama Kanini?"

"Wa mtoni. Tukivuka."

Pasta alimwangalia kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza kuliko kicheko cha Gichuru. "Mama, Yordani haukauki. Una maji mwaka mzima. Na hata ungekauka, ni mpaka. Kuna askari huku na kule."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, mama."

"Huyu mama angepigwa risasi akiwa amebeba kibuyu cha uji," Gichuru akasema, na nikamwambia afunge mdomo wake aufungue Malili akiuza misumari.

Ndinda hakulia. Alisema tu kwamba basi ni sawa, atamwona akiwa ng'ambo, hiyo ndiyo ilikuwa ahadi tangu mwanzo. Akaenda nyumbani akafunga begi. Aliweka maembe aliyoyakausha mwenyewe, leso mpya mbili, na viatu vya Kanini vya nyumbani. Sijui alifikiri angevirusha.

Wiki ya kuondoka, anga likafungwa. Nchi aliko Kanini na taifa jingine la mbali zilikuwa zimeanza kurushiana makombora, na njia ya makombora ilikuwa juu ya mto wetu ule wa ubatizo. Ndege zilisimamishwa. Pasta akatuita kanisani, akatuambia safari imeahirishwa, tuombe. Watu waliomba. Halafu mtu mmoja nyuma, sitamtaja kwa sababu mume wake ni mzee wa kanisa, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba tungeenda mwezi wa pili tungekuwa tumeshaenda na kurudi.

Ndinda alisikia. Alikunja leso yake vizuri, akatoka.

Mashambulizi yale yaliposimama na barabara za huko zikafunguka, Kanini alipata ruhusa yake ya siku moja. Akaenda mtoni hata bila sisi. Angeweza kulala, maskini, lakini alikuwa ameahidi. Akapiga simu ya picha, na Ndinda akaniita juu ya mkonge nije haraka.

Tuliona maji. Ya kahawia, kama ya kwetu siku ya mafuriko. Ng'ambo, mahali ambapo tungekuwa tumesimama, palikuwa na ngazi za mbao na hapakuwa na mtu.

"Mwaitu, umeona mto?" Kanini akamwuliza mama yake.

"Nimeuona. Mpe mtu simu, mwanangu. Tembea nikuone."

Kulikuwa na rafiki yake, msichana wa Nepali anayefanya kazi kama yake. Akashika simu. Kanini akaenda mbali kando ya maji, akageuka, akarudi.

Ndinda alisogeza simu karibu na macho. "Mwambie atembee tena."

Akatembea tena. Kisigino kilikuwa kinakanyaga chini chote, polepole, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, mkono umekunjwa kidogo, kama mtu anayemwongoza mwingine ngazini. Kushoto kwake hapakuwa na mtu.

Akarudi kwenye simu akihema na kucheka. "Umeniona, mwaitu? Bado natembea vile vile?"

"Vile vile," Ndinda akasema.

Simu ilipozimika, tulikaa. Nikaanza kutoa miiba ya mkonge iliyonasa kwenye sketi yangu, mmoja mmoja.

Juzi pasta aliuliza tena, kama Mungu akipenda na kukitulia, tupange mwezi gani mwakani. Watu wakaanza habari za mavuno na karo za shule. Ndinda akasimama.

"Mwezi wowote, pasta. Hata kama mto umejaa."