Figo la Wifi Ercilia

Ercilia Barrionuevo alipoitwa mbele ya hakimu, kama sheria ya kwao inavyotaka kwa wasio ndugu wa damu, aeleze kwa nini anataka kumpa figo lake mke wa kaka yake, hakimu alimwuliza kama anampenda mgonjwa huyo. Ercilia akafikiri kidogo, maana hakuwa mwanamke wa kusema uongo mahakamani.

"Kumpenda sijui, mheshimiwa," akajibu. "Lakini nimeshamzoea."

Habari hiyo ilienea mji mzima wa Plottier. Delmira, huyo mke wa kaka, alicheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza. Kwa miaka zaidi ya thelathini mawifi hawa walikuwa paka na panya. Ercilia alikuwa akisema supu ya Delmira ni maji ya kuoshea vyombo. Delmira naye alikuwa akisema Ercilia alikosa kukaa na mume kwa sababu ya ulimi wake, na hapo hakuwa mbali na ukweli.

Delmira alikuwa akichambua matufaha kwenye ghala la kufungashia matunda, mwanamke mfupi mwenye mikono myepesi, mpaka mafigo yake yalipokufa. Miaka minne alikuwa mtu wa mashine ya kusafishia damu. Siku tatu kila wiki alilala kando yake, damu ikitoka na kurudi, na siku zilizobaki alilala nyumbani kwa uchovu wa siku hizo tatu. Maji alikunywa kwa kipimo, kama mtoto anayenyweshwa dawa. Kiangazi, joto lilipopasua ardhi, mume wake Nazareno alikuwa akienda kunywa maji nyuma ya banda la kuku ili mkewe asimsikie akimeza.

Nazareno alijitolea figo lake, madaktari wakalikataa. Ndugu wa Delmira mwenyewe kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Ercilia hakumwambia mtu. Alikwenda kupimwa kimya kimya, kisha siku moja akaingia jikoni bila kubisha hodi, kama ilivyo desturi yake, akavuta kiti.

"Wifi, wanasema langu linakufaa. Usianze kulia, mimi bado sijala."

Baada ya upasuaji, kila Delmira alipofungua mdomo kumshukuru, Ercilia aliwasha redio, au alikumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Mwaka ukapita hivyo hivyo.

Sasa, Ercilia alikuwa na gari. Zamani lilikuwa gari lake la kusambazia mikate, na alipostaafu alitia kitanda ndani, jiko la gesi, kipasha-joto na mapazia mawili ya maua, likawa nyumba yenye magurudumu. Wengine wakisubiri kiangazi ndipo wasafiri, yeye aliondoka Julai, baridi ilipokuwa kali, akapanda milimani peke yake. Alidai theluji inafukuza watu wa kelele. Basi Julai ya pili tangu upasuaji, alisimamisha gari mbele ya nyumba ya kaka yake akapiga honi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitika.

"Panda," akamwambia Delmira. "Tunakwenda Moquehue, kule ziwani."

Nazareno alitoka na ndoo ya mahindi mkononi. "Ercilia, huyu ni mgonjwa!"

"Alikuwa mgonjwa. Sasa ana figo la ukoo wetu, na ukoo wetu haukai ndani."

"Na mimi je?"

"Wewe una kuku."

Delmira alikwisha kumwuliza daktari wake siku nyingi, bila kumwambia mtu. Daktari alisema aende, avae nguo nzito, asikose vidonge vyake hata mara moja, asichangie kikombe, na akae mbali na mtu yeyote mwenye mafua, kwa kuwa vidonge vile vinavyoubembeleza mwili usilikatae figo la mgeni ndivyo pia vinavyouacha bila ngao. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu wiki iliyotangulia, limefichwa chini ya kitanda.

Wakavuka nyanda kavu, wakaupita mji wa Zapala, na barabara ikaanza kupanda. Milima ikatokea, myeupe, imejaa dirisha lote la mbele. Delmira hakuwa ameiona tangu augue. Aliinama mbele akaitazama. Kisha akasema:

"Simamisha."

"Tena?"

"Tena."

"Mwanamke wewe! Nilikupa figo, sikukupa bomba la zimamoto."

Delmira alishuka huku akicheka. Aliyekaa miaka minne bila kukojoa hata tone haoni aibu kwa jambo kama hilo. Kila kichaka cha njiani kwake kilikuwa sherehe, na kila alipopanda tena garini alijimiminia maji glasi nzima, akayanywa polepole mpaka mwisho, Ercilia akimtazama kwa jicho la pembeni na kujifanya hatazami.

Walipokuwa juu kabisa, theluji ilianza kuanguka, mwanzo kidogo kidogo, halafu kama mtu anayekung'uta magunia ya unga. Minyororo ya kuzuia utelezi walikwisha kuifunga magurudumuni. Delmira akaanza kujipinda kitini.

"Jikaze," akasema Ercilia.

"Nijikaze vipi? Hili figo lako halijui kungoja. Limefanana na mwenyewe."

Ercilia akasogeza gari pembeni. Kumbe chini ya theluji ile hapakuwa na ardhi, palikuwa na mtaro. Gari likainama upande, sufuria zikamwagika kabatini, na gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli.

Ercilia alichimba kwa koleo. Delmira, aliyekatazwa kunyanyua vitu vizito, alichota theluji kwa sufuria, naye Ercilia akawa anamfokea arudi ndani. Kila walichotoa, mbingu ilirudisha. Hakuna gari lililopita. Mwishowe Ercilia aliketi kwenye ngazi ya mlango, akaweka koleo chini, na Delmira akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona miaka yote ile: wifi yake alikuwa akitetemeka midomo, na si kwa baridi.

"Nimekuleta kufa huku," akasema Ercilia. "Kaka yangu atasema nini?"

"Nani anakufa? Gesi tunayo, chakula tunacho, vidonge ninavyo vya wiki mbili." Delmira akaketi kando yake, wakabanana kwenye ngazi ile nyembamba. "Sikiliza, Ercilia. Kufa nilikuwa ninakufa kule kwenye mashine, kidogo kidogo, nikiwa nimefunikwa blanketi safi. Hapa nasikia baridi, nina njaa, na nimechanganyikiwa. Huku ndiko kuishi. Inuka, nikupikie supu."

"Supu yako?"

"Supu yangu."

"Basi kweli tutakufa," akasema Ercilia, akajifuta pua.

Jua lilikuwa bado halijazama mwanamke mmoja alipotokea amepanda farasi, joho lake la sufu, ponchi, limegeuka jeupe mabegani. Aliitwa Eulogia Painefil, na nyumba yake ilikuwa bondeni chini ya barabara. Aliona taa zao zimeelekea upande usio wa kawaida.

"Gari nitalivuta kesho kwa maksai wangu," akasema. "Leo teremkeni nyumbani, moto unawaka. Mume wangu yuko kitandani na homa ya mafua, lakini nafasi ipo."

Mawifi wakatazamana. Kukataa moto wa mtu, kule juu, wakati wa baridi, si neno dogo.

"Tunashukuru, mama," akasema Delmira taratibu. "Tutalala humu humu."

Eulogia akatoa chini ya ponchi chupa ya maji moto na kibuyu chake cha mate, ile chai chungu ya kwao inayonywewa kwa zamu kwa mrija mmoja, akaingiza mrija, akamnyoshea. "Basi onjeni hata hiki."

Delmira akarudisha mikono nyuma. Uso wa Eulogia ukafungika kama mlango.

"Nimeelewa. Nyumba yetu haifai, na chai yetu haifai."

"La, la, la!" Ercilia akaruka kutoka kwenye ngazi. Na kwa kuwa maneno hayakumtosha, alifanya jambo ambalo Delmira hulisimulia hadi leo. Alipandisha koti, akapandisha sweta na fulana mbili, akasimama ubavu wazi katikati ya theluji. "Tazama, mama! Hapa ndipo lilipotoka. Nimempa huyu. Akishika mafua ya mumeo, figo langu limekwenda na maji! Mwonyeshe kovu lako, wifi!"

Delmira naye akafunua tumbo. Eulogia akawatazama, vikongwe wawili wamefunua nguo kando ya barabara, kovu mbele ya kovu. Akaangua kicheko mpaka farasi akashtuka.

"Jifunikeni, kina mama! Mtaligandisha!"

Alirudi kabla giza halijaingia, na chungu cha nyama ya mbuzi, na mkate wa unga wa mbegu za pehuén, mti wa milimani ulio kama msonobari. Aliviacha kwenye ngazi, akarudi nyuma hatua kadhaa, na alipokaribishwa akakataa. Alikuwa amekaa na mgonjwa siku nzima, akasema, na ugonjwa unajua kujificha kwenye nguo. Alisimama nje, upande wa kule unakokwenda upepo, wakafungua dirisha upana wa kiganja cha mkono, wakanywa chai hivyo, yeye kibuyu chake na wao vibuyu vyao.

"Kama watu waliogombana," akasema Eulogia. Kisha akamwuliza Delmira, "Na huyu ulimshukuru vipi?"

"Hanipi nafasi. Nikianza, anawasha redio."

Ercilia tayari alikuwa amenyosha mkono kwenye redio.

"Basi niambie mimi," akasema Eulogia.

Delmira akageuza uso dirishani. "Wewe nakuambia, mama Eulogia. Huyu aliye kando yangu asisikilize. Asubuhi ya kwanza hospitalini walinipa glasi ya maji iliyojaa, wakaniambia kunywa yote. Nilikunywa nikilia. Na ng'ambo ya ukuta nilimsikia mtu akiugua kwa maumivu na kuwatukana wauguzi. Nikaijua ile sauti. Nikasema, mtu huyu hana ugonjwa wowote. Aliingia humu mzima, akakubali kupasuliwa, ili mimi ninywe maji. Mama yangu alinizaa mara moja. Huyu alinizaa mara ya pili, na mpaka leo ananiambia supu yangu mbaya."

Mkono wa Ercilia ulibaki kwenye redio, haukuiwasha.

"Ni mbaya kweli," akasema. Akaushusha mkono ule, akauweka gotini pa wifi yake, ukakaa hapo.

Asubuhi kukawa kweupe, hakuna upepo. Eulogia alipanda kutoka bondeni na maksai wawili wekundu walio chini ya nira, pua zao zikitoa moshi. Alifunga mnyororo, akawasemesha kwa lugha ya kwao, nao wakainamisha vichwa na kulitoa gari mtaroni bila papara. Ombi lake lilikuwa moja tu: gunia la mbegu za pehuén na furushi la sufu vimfikie binti yake huko Moquehue. Delmira alitaka kumkumbatia. Haikufaa, kwa hiyo kila mmoja alijikumbatia mwenyewe pale aliposimama, wakicheka.

Walifika alasiri. Binti alipokea mzigo wa mama yake, akawaonyesha mahali pa kuegesha chini ya miti, karibu na ziwa.

Kesho yake Delmira aliamka kwanza. Alimeza vidonge vyake, akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akatoka. Ziwa lilikuwa jeusi na tulivu, theluji imekaa juu ya matawi ya pehuén, na kwa mbali jogoo wa mtu aliwika. Alisimama pale akiwataja mmoja mmoja kwa shukrani, kwa sauti ndogo, Eulogia, na maksai wake wawili, na daktari, na Nazareno na glasi zake za maji za kujificha, na alipofika kwa wa mwisho akakawia, maana jina peke yake halikutosha.

"Wifi!" ikatoka sauti garini. "Umeacha mlango wazi, naganda huku!"

Akarudi kuufunga.