Pembe Tatu Mgongoni mwa Nyamvula

Tangu adhuhuri nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Mlango umefungwa, na leso yangu imekaukiwa na damu ya mwanangu. Kila muuguzi aliyepita nilimsoma uso.

Nyamvula wangu alikuwa msusi. Pale Mtongwe maharusi wengi walipitia mikononi mwake. Mimba zake tatu ziliharibika. Tukasema ni pepo, tukamfukiza. Kisha mwaka wa tisini na sita, akimsuka jirani, chanuo likamponyoka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Daktari alinieleza taratibu, maana aliona sikusoma sana. Kinga ya mwili imemgeuka mwenyewe, damu inaganda pasipo jeraha. Mabonge yalijishika kwenye vali, yaani milango ya moyo. Moja likang'oka, likapanda kichwani. Akampa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, akakataza dawa nyingine yoyote.

Mwezi wa pili wa vidonge, mavilio meusi ya damu yakamtoka mapajani. Mimi nikaona ni damu chafu inatafuta njia. Nikamwita Mwanarehema, muumikaji wetu, mtoa damu kwa pembe.

"Mama, nimekatazwa wembe," Nyamvula alisema kwa ulimi mzito. "Hata kucha nakata kwa hadhari."

"Umekatazwa wembe wa kinyozi," nikamjibu. "Huu una bismillahi."

Mwanarehema akamchanja, akambandika pembe tatu mgongoni. Zilijaa upesi. Alipozibandua, damu haikukoma.

"Iwache itoke, dada," akacheka. "Kwani waitaka ya kupikia?"

Leso ya pili ilipoloa, hakucheka tena. Tukavuka feri mbio kwenda hospitali.

Karibu na magharibi muuguzi alitoka na beseni.

"Mwanangu yuko vipi, mama?"

"Damu imepungua. Lakini anasema pembe kaagiza mwenyewe. Daktari amekasirika. Mgonjwa asiyeshika masharti hampi vidonge vile tena."

Mlango ukajifunga nyuma yake. Bila vidonge, bonge jingine lingekuja. Hilo hata mimi nilishalielewa. Na Nyamvula alikuwa amelala mle ndani akinifichia aibu yangu.

Nilichoka, hata kulia nikashindwa. Mlango ulipofunguka, daktari akiwa na karatasi zake, nilisimama kabla hajaniita.

"Daktari, si yeye. Alinikataza. Ni mimi niliyemleta muumikaji."

Akahema. Kisha akauzuia mlango kwa kiatu, usijifunge.

"Basi vidonge nitakukabidhi wewe," akasema. "Ingia."