Nusu ya Kidonge

Bi Mwanamkuu hamwamini mtu. Namwambia hivyo usoni naye hucheka, maana kwake hiyo ni sifa. Ameuza viungo Kariakoo miaka thelathini, na mimi, Clotilda, nauza ndoo na mabeseni kizimba kinachofuata. Ukimletea pilipili manga, atachota juu ya gunia, atachota katikati, atachota chini kabisa, kisha atamimina kwenye glasi ya maji. Mbegu za papai zikielea, utajuta kumjua.

Kwa hiyo mjukuu wake Badria, anayemlea tangu mama yake afariki, alipogundulika ana saratani ya damu, nilijua madaktari watakiona cha mtema kuni. Mtoto ana miaka sita. Alilazwa, akachomwa sindano, nywele zikapukutika, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya kumeza kila jioni kwa muda mrefu, ili ugonjwa usirudi.

Hapo ndipo Daktari Severa alipoomba ridhaa ya utafiti. Walitaka damu kidogo kila baada ya miezi mitatu, wapime dawa inafika kiasi gani mwilini mwa watoto.

"Mumiani wa siku hizi wanavaa makoti meupe," Bi Mwanamkuu aliniambia. "Damu ya mtoto inaenda wapi, Clotilda? Nani anainunua?"

Mwishowe alitia sahihi kwa sharti moja: majibu asomewe yeye mwenyewe, mbele ya shahidi wake. Shahidi ni mimi.

Miezi mitatu ilipopita tuliitwa, tukaenda na Badria.

"Shikamoo bibi," alisema daktari.

"Marahaba. Sema."

"Dawa kwenye damu ya Badria ni kidogo mno. Ikiendelea hivi, ugonjwa unaweza kurudi."

Bi Mwanamkuu alipiga meza. "Si nilisema? Dawa feki! Shahidi wangu huyu hapa!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali.

Daktari hakubishana. Aliuliza tu mtoto anapewaje dawa. Bi Mwanamkuu akaeleza kwa maringo: kila jioni anakata kidonge vipande viwili. Nusu anampa Badria. Nusu anaitia kwenye glasi ya maji, aone kama inazama au inaelea, na inaacha chenga gani.

"Kila siku, bibi?"

"Kila siku! Cha juu kikiwa kizuri, cha chini nitakijuaje?"

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, nusu baada ya nusu, miezi mitatu, akaishia katikati.

"Nimemuua?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Damu ile imetuambia mapema. Kuanzia leo apewe kizima. Tutapima tena."

Zaidi ya hapo hakuahidi. Kwenye bajaji hasira zilinipanda, nikataka kumkaripia, lakini nilimwona amemkumbatia mtoto kama anayenyang'anywa, nikanyamaza. Kwani mimi shahidi nilikuwa nashuhudia nini?

Siku hizi akifunga kizimba huja kwangu na Badria. Bibi anafungua kiganja chenye kidonge mbele ya macho yangu.

"Kizima?"

"Kizima, Bi Mwanamkuu."

"Hebu angalia vizuri, Clotilda. Huyu bibi simwamini."