Meza ya Ijumaa Jioni

Kazi ile ilipoingia ofisini kwetu Doha, tunakobuni maonyesho, nilijua ni yangu. Jumba moja la makumbusho huko Ulaya lilitaka maonyesho kuhusu muziki na maisha ya Wayahudi, na bosi wetu, Mlebanoni asiyependa maneno mengi, akanikabidhi michoro. Nilisoma hadi macho yakawa mekundu. Nilichora ukumbi wa makabati ya kioo: fidla hapa, udi wa Baghdadi na nyuzi zake pale, karatasi za nota zikimulikwa kutoka chini.

Mwenzangu alikuwa Mganda, mbunifu kama mimi, mgeni kidogo ofisini. Kwenye mkutano wa kwanza alisema amekulia karibu na Mbale, na kwamba ng'ambo ya ua wa kwao waliishi Wayahudi, Waganda kama yeye, ambao kila Ijumaa jua likizama waliimba zaburi kwa Kiganda. Bosi akamwuliza zilisikikaje. Akaimba kwa sauti ya chini, akigonga meza kwa vidole. Waliokuwa wakichezea simu waliziweka chini.

Mimi nilitazama michoro yangu. Nilijihisi kama mke mkubwa aliyeletewa bibi harusi mlangoni.

Bosi akampa chumba cha katikati. Makabati yangu yakawa ya njiani tu, ya kupitia kwenda kwake. Nilimfuata bosi faragha nikamwambia wageni watachanganyikiwa: wametoka Baghdadi, mara wako Uganda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema wimbo husafiri na watu wake, na kwamba hilo ndilo alilolitafuta kwenye michoro yangu asilione. Siku hiyo sikula chakula cha mchana na mwenzangu. Nilimwambia kichwa kinaniuma.

Vyumba vilijengwa kwanza kwenye karakana moja kule Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Doha, vijaribiwe kabla ya kusafirishwa. Chake kilikuwa na meza ndefu kama ya chakula cha Ijumaa jioni, kitambaa cheupe, mishumaa ya umeme, viti, na taa moja iliyoning'inia juu ya meza. Ndani ya kila kiti alificha spika, hivyo ukikaa tu sauti moja inaanza zaburi, na akikaa mwingine sauti nyingine inaitikia. Nilitafuta kasoro kila nilipokwenda. Nilitamani hata kiti kimoja kikwame.

Dada yangu, nesi ninayeishi naye mtaa wa Najma, alikuwa hana zamu, nikamleta aone kazi yangu. Alipita kwenye makabati bila kusimama. Alipofika mezani alikaa, akaegemeza kichwa. Nikamwuliza ameona nini.

"Nimemkumbuka mama akiomba kabla ya kula," akasema.

"Na makabati je?"

"Yako vizuri. Yanang'aa."

Watu wa makumbusho walipokuja, walitaka meza irefushwe. Nafasi haikuwepo ila kwa kupunguza makabati, na nikapewa mimi kazi ya kuyapunguza. Nilitoa fidla. Kisha nikatoa nota.

Jioni hiyo mwenzangu alinifuata nikiwa na futi ya kupimia mkononi. Alisema kuna kitu hakimkai sawa chumbani mwake, wala hajui ni nini, na kwamba jicho langu ni kali kuliko lake. Nilikuwa nimeshakiona tangu wiki ya kwanza, nikanyamaza nacho. Taa ilikuwa juu mno. Waliokaa mezani hawakuonana nyuso.

Nilitazama kule walikosimama mafundi. Ningeweza kusema sijui.

"Ishushe taa," nikamwambia. "Ishushe mpaka karibu na mishumaa."

Mafundi wakaishusha pale pale. Tukakaa, yeye upande huu na mimi ule, na sauti zikaanza. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake vizuri kwenye mwanga ule, na kile chumba kikawa kizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.

Kesho yake alimwambia bosi, mbele ya watu wote, kwamba wazo la taa lilikuwa langu. Bosi akanipongeza. Nikashukuru, nikarudi kwenye kompyuta yangu, na wema wake huo nao ukaniuma.