Chupa ya Kiti cha Meno

Jumanne, baada ya sikukuu. Manyunyu tangu alfajiri, halafu joto la kunata.

Kazini kwetu, kliniki ya meno Chang'ombe, bomba hutoka linapotaka, kwa hiyo likitoka kila mtu anajaza kila kitu. Ndivyo alivyofanya dada wa usafi kabla hatujafunga kwa sikukuu. Alijaza mpaka chupa ya kiti cha meno, ile inayopeleka maji kwenye mashine ya kuchonga. Tukifunga inatakiwa imwagwe, mirija ipulizwe ikauke. Maji yakilala humo, mirija inaota utando wa vijidudu kwa ndani.

Leo nilipofungulia, yalitoka na vipande vya ute. Nikanusa. Nikajitilia shaka, maana pua yangu huwaga inazidisha mambo. Nikamwita.

"Dada, si nilisema hii chupa isijazwe?"

"Ulisema. Hukusema kwa nini. Leo bomba kavu, ungeikuta na chupa kavu ungenilaumu vilevile."

Kweli, ningemlaumu. Lakini hasira haikuniisha.

Kwenye benchi alikaa mama mtu mzima wa Kiwalani, ana sukari, jino limetoboka, usiku hapati usingizi. Alishaahidiwa kwamba leo atachongwa na kuzibwa. Daktari akaniuliza, "Maji yakoje?"

Nilitamani kusema safi. "Si mazuri, dokta. Labda nakosea, ila yana ute."

Akatazama mwenyewe, akavua glavu.

Mama alipoelezwa akacheka kwa upande usiouma. "Maji ya kisima nimekunywa toka usichana, leo haya ya mashine ndiyo yanimalize?"

"Yale uliyanywa, mama," daktari akamjibu. "Haya yataingia kwenye jino lililo wazi, na wewe una sukari."

"Haya, wanangu. Nisubiri bomba lenu lipate hamu."

Daktari akamwekea dawa ya kutuliza kwa mkono, akaliziba kwa muda. Mama akaondoka bila kuniangalia. Ana haki.

Tukaweka dawa ya kuua utando, tumeiacha ilale kwenye mirija. Kesho tutasuuza na kutazama tena kabla ya kumwita. Sijui kama utatoka wote. Dada ndiye aliyenishikia taa, hakununa.

Nyumbani nikakuta bomba lilitoka mchana. Watoto wamejaza ndoo, mabeseni na masufuria yote. Hakuna aliyekubali kumwaga hata sufuria moja tupikie, na mie sikuthubutu kuwalazimisha. Tumekula chapati za kununua na maharage ya jirani, kwenye sinia.