Ufa Chini ya Matofali ya Shule

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe vya kisigino. Msinicheke. Nilitoka Ng'ambo, Tabora, binti wa fundi baiskeli, na kwetu mtu akienda kuripoti kazini anapendeza. Msimamizi Mkuu wa utafiti, mama mwembamba mwenye macho makali, aliviangalia viatu, kisha akaniangalia mimi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa nenda kanunue raba."

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika jiolojia ya milima na matetemeko. Ninyi mnaoanza leo na kompyuta mgongoni, mjue sisi tulianza na koleo. Kwanza alinipeleka Usoke kutunza sismografu, yaani mtambo wa kunasa mitikisiko ya ardhi. Siku kalamu yake ilipopanda na kushuka, nilipiga vigelegele. Kumbe ni treni! Akanihamishia Sikonge, ndani ya miombo, ambako mtambo ulikaa juu ya mwamba mtulivu, na huko nikajifunza kusubiri.

"Milima haikuota kama uyoga," aliniambia nilipolalamika. "Imeinuliwa tetemeko kwa tetemeko. Mwenye haraka akauze nyanya."

Jamani, yule mama nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Hatimaye akanipa kazi yangu mwenyewe. Kutoka Tabora tulifuata njia ya wapagazi wa zamani hadi Nzega, tukakata mashariki kuelekea kijiji kimoja cha Igunga. Pale kulikuwa na tuta refu lililoikata mbuga kama ngazi moja kubwa. Nilitakiwa kujua kama tuta lile lilichongwa na maji tu, au lilitokana na ufa, yaani mahali ambapo miamba imevunjika na upande mmoja ukashuka.

Lingekuwa swali la chuoni tu, nisingekosa usingizi. Lakini wanakijiji walikuwa wameshafyatua na kuchoma matofali ya shule kwa msaragambo, kijiji kizima kikijitolea, wakayapanga juu ya tuta lile lile, maana ndipo pakavu wakati wa masika. Shule ikijengwa juu ya ufa ulio hai, yaani ambao bado unaweza kusogea, siku ardhi ikitikisika itawaangukia watoto. Na nikisema ufa upo kumbe haupo, nimewanyima shule watoto waliokuwa wakitembea hadi kijiji cha pili kusoma. Eneo lilitolewa na mjane mmoja mfugaji, Mayo Kabula, na mayo kwao ni mama. Ndiye aliyeniruhusu kuchimba handaki la utafiti, na uji wa asubuhi alinipa yeye.

Handaki lilipofika kiunoni nikaona nyufa ndefu, zimesimama wima, zinapendeza kweli. Nikapanda baiskeli hadi Igunga mjini kumpigia simu Msimamizi Mkuu kwamba ufa nimeupata. Alikuja, akashuka handakini, akakwangua ukuta kwa kisu.

"Binti, udongo mweusi wa mbuga hupasuka wenyewe kila kiangazi. Hizi ni nyufa za jua. Utawavunjia watu shule kwa nyufa za jua?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakunisimanga zaidi. Alivua saa yake, akachukua koleo, akasema, "Tuuvuke huu udongo mweusi. Ufa wa kweli utakuwa umeingia hadi kwenye mwamba."

Tulichimba pamoja na wana wa Mayo Kabula huku mawingu ya vuli yakijikusanya. Chini ya udongo tukakuta changarawe ya mto wa kale. Upande mmoja imelala juu, upande wa pili imeshuka kimo cha mtu, na katikati kuna mkato mmoja ulionyooka hadi ndani ya mwamba. Msimamizi Mkuu aliuwekea kiganja mkato ule kwa muda mrefu.

"Ndio wenyewe," akasema. "Umeuona wewe, utawaambia wewe."

Mkutano ulifanyika palepale kwenye matofali. Niliposema shule isijengwe hapo, watu waliguna. Mzee mmoja akataka kujua tetemeko litakuja lini. Nikamjibu sijui, na anayesema anajua anadanganya. Hapo Mayo Kabula akasimama.

"Na ukikosea je, mwanangu?"

"Nikikosea, mayo, mtakuwa mmehamisha matofali bure, nanyi mnilaani. Lakini nikiwa sahihi halafu nikanyamaza, nitaishije?"

Alinitazama. "Haya," akasema. Akainama, akaokota matofali mawili, akaanza kutembea kuelekea shamba lake la mtama, lile zuri kuliko yote. Watu wakamfuata. Nililia mbele yao, na wala sikuona aibu.

Sasa nimestaafu. Nimepanda milima mingi na vyeo nimevipata, lakini nikiulizwa nilijifunza wapi kazi hii, nawataja wale akina mama wawili. Tetemeko la pale halijaja hadi leo. Juzijuzi nilipita, shule imejaa, na juu ya tuta pamekuwa uwanja wa mpira. Binti mmoja mwenye sare akaniamkia, kisha akanitania, "Bibi, tetemeko lako mbona linachelewa?"

"Lichelewe tu, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mimi naomba nife mkiniita mwongo."